Dakika Nane Chini ya Chungu

Asubuhi ya siku ya kupita chini, chuma kilikuwa kimepanda tena ndani ya chungu namba arobaini na moja. Niliisoma karatasi ya maabara nikiwa nimesimama, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, nikahisi furaha. Nasema furaha kwa sababu ndiyo ilivyokuwa. Anayetaka kunilaani na anilaani. Mimi ni mtu wa kinyongo tangu utotoni, na marehemu mama alikuwa akiwaonya watoto wa jirani kwamba ukimkanyaga Mwasiti leo, mguu utakuuma mwaka wa saba.

Vyungu vyetu si vya kupikia. Kimoja ni sanduku la chuma refu kama nyumba ya vyumba vitatu, limejengewa matofali na kaboni kwa ndani, na humo mna uji wa kriolaiti, aina ya chumvi ya madini, ulioyeyuka kwa nyuzi mia tisa na sitini. Udongo mwekundu wa milima ya Usambara huoshwa huko juu Magamba mpaka utoe unga mweupe. Unga ule tunaumwaga katika uji, unayeyuka, kisha tunapitisha umeme ambao ungetosha kuwasha mji mzima. Umeme unaugawanya: oksijeni inapanda na kwenda zake kwenye mitungi, alumini inazama, nasi tunainyonya kwa bomba kila siku. Vyungu viko mia mbili, vimeungwa kwa mfuatano mmoja, na umeme ule ule hupita katika cha kwanza mpaka cha mwisho. Ukitaka kukizima kimoja kwa haraka, utavizima vyote. Na vyote vikikaa saa nne bila umeme, madini yanaganda humo ndani na kiwanda kimekufa.

Sasa, alumini yetu haina ubia na chuma. Chuma kikionekana ndani yake, maana yake uji umeshakula sakafu ya chungu na sasa unalamba nondo zilizo chini. Chungu hicho kitatoboka tu, kama si leo basi kesho, na umeme ukiongezwa nguvu ni leo.

Sikio, mashine yetu ya kusikiliza vyungu, nalo lilijua. Lilikuwa limeniambia juzi. "Arobaini na moja ana homa," lilisema, kwa sauti ya mdogo wangu Hoza. "Mwenzangu, mkague."

Juzi hiyo hiyo nililiziba mdomo, kwa chungu hicho tu.

*

Hoza alikuwa na kipaji ambacho hakuna shule inayokifundisha. Alikuwa akitembea kati ya vyungu huku ameinamisha kichwa, akisikiliza namna vinavyonguruma, na akisimama mbele ya kimoja akasema kinaumwa, kilikuwa kinaumwa kweli. Kampuni ikamvisha kofia. Miaka mitatu aliivaa kazini, kofia nyepesi yenye nyuzi mia sita zilizogusa kichwa chake, ikinakili kila alichosikia na kila alichoamua baada ya kusikia. Nakala ile ndiyo waliyoiita Sikio. Waliiachia sauti yake kwa sababu wafanyakazi walikuwa wameshazoea kuiamini.

Sikio lilivijua vyungu mia mbili kimoja kimoja, pamoja na tabia zao. Lilijua mkono wa kila mtu aliyegonga bomba kule chini. Mimi halikunijua. Kwalo nilikuwa "mwenzangu", kama yeyote aliyekaa kwenye kiti cha chumba cha uangalizi. Siku za mwanzo baada ya msiba nilikuwa nikijifungia choo cha wanawake baada ya zamu, nalia mpaka pua inaziba.

Hoza alifia chini ya chungu hicho hicho cha arobaini na moja, kabla hakijajengwa upya. Alishuka kuziba mtobo mdogo. Aligonga bomba mara tatu, na mara tatu maana yake kateni umeme. Hawakukata. Uchunguzi ukaja, watu wenye miwani wakakaa siku nne wakinywa soda zetu, wakaandika kwamba Sikio lilisema chungu ni salama. Sikio ni nakala ya Hoza, kwa hiyo kosa ni la Hoza mwenyewe. Ndivyo tulivyomzika: tukiwa na sanda ndogo kama ya mtoto, na karatasi inayosema kijana alijiua kwa ujinga wake. Baba hakuimaliza miezi miwili.

Miaka mitatu baadaye nikapandishwa cheo, nikapewa ufunguo wa kumbukumbu. Siku ya kwanza nikauliza.

"Siku ile uliyosikia arobaini na moja ikitoboka, ulisema nini?"

"Nilisema kata," Sikio likajibu. "Nilisema mara tatu. Kisha nikazibwa."

"Ulizibwa na nani?"

"Kidole cha Mhandisi Lukindo. Dakika kumi."

Sheria ilikuwa wazi: Sikio hushauri, lakini kukata umeme ni kazi ya kidole cha binadamu, na kila kidole kinaacha alama yake mahali pasipofutika. Lukindo, meneja wetu, alikuwa na siku tisini na tisa bila kukata umeme. Alitaka siku ya mia ifike aitangaze makao makuu. Alimziba mdogo wangu wa nakala mdomo ili mdogo wangu wa damu afe kimyakimya huko chini, halafu akasimama makaburini na kanzu iliyopigwa pasi, akanipa mkono.

Ningeweza kupeleka ushahidi. Najua. Lakini waliokuja kuchunguza walikuwa marafiki zake, na mimi sikutaka barua. Barua hujibiwa kwa barua. Nilitaka asimame pale aliposimama Hoza, agonge mara tatu, na asikie jinsi bomba lisivyojibu.

*

Kupita chini ni desturi yetu. Siku umeme wa mstari wa vyungu unapoongezwa nguvu, mkubwa wa kiwanda hushuka akapita peke yake chini ya vyungu vyote, kutoka cha kwanza mpaka cha mia mbili, ili wafanyakazi waone kwamba anayaamini madini yanayoning'inia juu ya vichwa vyao. Kule mwisho wageni hungoja hemani. Safari hii alikuwepo mpaka Mkaguzi Mkuu wa Kazi, mama mmoja mkali aitwaye Bi Tabu Mkanga, ambaye hakuwa rafiki wa mtu.

Chini hakuna kamera. Sumaku ya umeme ule huzivuruga, na redio hukoroma tu. Tunategemea bomba linalofika chumba cha uangalizi: kugonga mara mbili ni salama, mara tatu ni kata. Hata vifungo vyetu ni vya mti, kwa sababu mtu akishuka na chuma mwilini, chuma kinamvuta.

Na jina halitajwi. Zamani, kiwanda kilipoanza, watu watatu waliitwa kwa majina wakiwa chini, na wote watatu hawakupanda. Tangu hapo aliye chini ni Wa Chini, basi. Hata kwenye simu, hata kwenye daftari. Wasomi wanacheka, lakini hata wao wakifika mlangoni hawathubutu.

Saa nne asubuhi mlinzi wa mlango alinipigia, akanisalimu kwa Kisambaa.

"Onga mahundo, Mwasiti. Wa Chini ameingia."

"Nimesikia," nikasema.

Mtu wa nje angeuliza ni nani. Sisi hatuulizi.

Wenzangu wote nilikuwa nimewaruhusu waende hemani wakale pilau. Nilikaa peke yangu mbele ya skrini na kipaza cha bomba. Kila baada ya vyungu kumi, gonga mbili. Kumi. Ishirini. Alikuwa akitembea taratibu, nikadhani anaogopa, nikafurahi. Thelathini. Nilikunywa chai iliyopoa. Arobaini.

Kisha mstari wa arobaini na moja ukashuka kwenye skrini, ghafla, kama mtu aliyekatika magoti. Chungu kilikuwa kimetoboka.

Milango ya kuzuia moto ikajifunga. Imetengenezwa hivyo, kila vyungu arobaini pana mlango, na ukishajifunga haufunguki mpaka umeme ukatwe. Nyuma yake mlango, mbele yake madini yanamwagika. Kati ya hapo pana hatua chache na kizingiti cha zege cha kupandia. Nilivijua vipimo vyote. Nilikuwa nimevipima mwenyewe siku tulipokwenda na Mzee Shemahonge kuokota kilichobaki cha Hoza.

Bomba likagongwa mara tatu.

Nikatazama saa ya ukutani. Nilikuwa nimepanga kumpa dakika kumi zake, kamili, bila kumpunja hata moja.

*

Dakika ya kwanza nilicheka. Sikupenda nilivyosikika, lakini nilicheka.

Dakika ya pili nikaongea na skrini. Nikasema, "Gonga, Mhandisi. Gonga vizuri. Mtenda akitendewa huona kaonewa, lakini wewe leo huna wa kumlalamikia." Nikamweleza habari za baba, na jinsi alivyokuwa akiamka alfajiri kumtengea Hoza maji ya kuoga hata baada ya maziko. Nikamweleza kuhusu sanda. Kidole changu kilikuwa hewani, juu ya kitufe chekundu, na nilikuwa nakiangalia kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Dakika ya nne zile gonga tatu zikarudi, zikiwa za haraka zaidi.

Hapo ndipo jambo moja lilipoanza kunisumbua, nami nikalifukuza. Nilijiuliza: atakapokufa, nani atajua kwamba alimuua Hoza? Kesho wataandika karatasi nyingine. Watasema Sikio tena. Watasema kijana yule yule marehemu amekosea mara ya pili, na safari hii ameua meneja. Nilikuwa nimelipanga jambo hili usiku na mchana kwa nusu mwaka, na hilo halikuwahi kunipitia kichwani.

Nikalifukuza, lakini halikwenda mbali.

Dakika ya saba nikataka mtu mwingine ashuhudie. Ndiyo hivyo, nilitaka Hoza asikie. Nilitaka sauti yake iniambie kwamba amesikia mkono wa Lukindo ukigonga, na kwamba sasa moyo wake umetulia. Ni upuuzi, nakala haina moyo. Lakini ukikaa na chuki muda mrefu unafika mahali unataka mwenza.

Nikalizibua Sikio.

"Arobaini na moja imetoboka upande wa kaskazini," likasema papo hapo, bila lawama. "Kata. Kuna mtu chini. Mkono wa Shemahonge."

"Rudia."

"Mkono wa Shemahonge, gonga tatu. Anachoka. Kata, mwenzangu."

Nikabonyeza. Nilibonyeza kwa nguvu mpaka ukucha ukavunjika, na ngurumo ya vyungu mia mbili ikakatika kwa pamoja. Kimya kilichoingia sitakisahau. Dakika ya nane ilikuwa bado haijaisha.

*

Mzee Shemahonge ndiye aliyenifundisha kazi. Ndiye aliyeingia chini kumtoa Hoza, mikono mitupu, na mpaka leo vidole vyake viwili havikunjiki. Nilimkuta amelazwa juu ya turubai nje ya mlango wa chini, muuguzi akimkatia suruali. Mguu wa kulia, chini ya goti, sikuweza kuutazama.

Mlinzi wa mlango alikuwa akieleza kwa sauti ya juu, akimweleza kila anayefika. Lukindo alikuja mlangoni na buti mpya za ofisini, zenye chuma puani. Mzee Shemahonge alimzuia. Bosi, alimwambia, na viatu hivyo huendi popote, sumaku itakulaza chini kabla ya chungu cha tano. Buti nyingine zilikuwa stoo, na stoo imefungwa kwa ajili ya sherehe. Wageni wanangoja. Basi mzee akasema atapita yeye, atokee kule mwisho, Lukindo azungukie nje wakutane nyuma ya mlango, kisha bosi ndiye ajitokeze hemani. Nani atajua? Wa Chini ni Wa Chini.

Niliinama. Alikuwa macho, midomo imekauka.

"Mwasiti mwanangu," akasema. "Ni wewe uliyekuwa juu?"

"Ni mimi, mzee wangu."

"Umenikatia." Akanishika kifundo cha mkono kwa vile vidole visivyokunjika. "Hoza hakukatiwa. Mimi umenikatia. Mungu akulipe."

Nilibaki nimeinama hapo mpaka muuguzi aliponisogeza kwa bega. Kisha nikakumbuka vyungu, nikarudi juu kuwasimamia mafundi wakikiruka kile kilichotoboka, yaani kuupitisha umeme pembeni yake, maana tulikuwa na saa nne tu na watu mia sita wanakula kutokana na mstari ule. Tukakiruka kwa muda wa saa tatu na robo. Umeme ukarudi. Vyungu vikaanza kunguruma, na Sikio likavisalimia kimoja kimoja kama lilivyozoea.

Lukindo aliingia wakati huo, akafunga mlango nyuma yake. Bado alikuwa amevaa zile buti.

"Hongera," akasema. "Umeokoa mtu."

"Karibu, Mhandisi."

Alikaa kwenye kiti cha pili. Akaitazama skrini, na nikajua alichokuwa akikitazama, maana mimi nilishakitazama. Chungu namba arobaini na moja. Sikio limezibwa juzi, kidole cha Mwasiti Shekoloa. Limezibuliwa leo. Kutoka kutoboka mpaka kukata, dakika saba na sekunde arobaini. Alisoma mara mbili. Uso wake ulibadilika taratibu, kwanza ukawa hauna damu, kisha nikaona kitu kama ahueni kikiingia, na hicho ndicho kilichonichukiza kuliko vyote.

"Ulidhani ni mimi," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa sababu ya Hoza."

"Usimtaje."

Nje tulisikia gari la wagonjwa likijaribu kugeuka kwenye kokoto. La kwanza lilikuwa limeharibika, na sasa limekuja la pili kutoka Korogwe.

"Dada Mwasiti," akasema kwa upole, na hajawahi kuniita dada. "Mimi nina dakika zangu pale ndani. Wewe sasa una zako. Ukinitoa mimi, unajitoa mwenyewe. Hebu tufunike kombe mwanaharamu apite. Mzee atalipwa vizuri, mguu wa bandia siku hizi unakimbia kuliko wa kuzaliwa. Wewe ni shujaa, watu wote wameona. Bi Tabu mwenyewe ameomba aje akushike mkono."

Alikuwa sahihi. Kumbukumbu haikatwi vipande. Anayefungua ukurasa wa Lukindo anafungua na wangu, na wangu ulikuwa mchafu zaidi, kwa sababu yeye aliziba kwa dakika kumi na mimi niliziba kwa siku mbili. Yeye aliua kwa tamaa ya sifa. Mimi nilikusudia kuua, nikapanga, nikanywa chai. Na Sikio lingezimwa. Lingefungwa kabatini kama kielelezo cha mahakama, na sauti ya Hoza isingesikika tena chini ya paa lile.

Upande wa pili wa mizani palikuwa na jina la kijana mmoja aliyekwisha kufa. Karatasi inayosema alikuwa mjinga.

"Sikio," nikasema. "Tayarisha kumbukumbu zote za arobaini na moja. Miaka yote. Mpelekee Mkaguzi Mkuu wa Kazi."

"Zote, mwenzangu?"

"Pamoja na zangu."

Lukindo aliruka kutoka kitini. "Wewe mwanamke una wazimu? Utafungwa! Utafungwa kabla yangu!"

"Thibitisha kwa kidole," Sikio likasema.

Alinishika mkono. Sijui alitegemea nini, mtu wa kalamu kumshika fundi aliyeinua nondo miaka ishirini na mbili. Nilimsukuma, zile buti zikateleza sakafuni, akaanguka na kiti chake. Nikaweka kidole, kile chenye ukucha uliovunjika, na kikaacha damu kwenye kioo.

"Zimekwenda," likasema Sikio.

Nilimtazama pale chini. Alikuwa akipapasa mfukoni kutafuta simu, kisha akaacha, kwa kuwa aliona hana wa kumpigia. Alianza kulia. Nakiri kwamba ilikuwa tamu. Baada ya yote, baada ya mguu wa mzee wangu na aibu yangu mwenyewe, ilikuwa tamu hivyo hivyo, nikasimama nikaimeza yote bila kuharakisha.

"Na yule mzee?" akaniuliza kutoka sakafuni. Alikuwa akitafuta mahali pa kunichoma, na alipapata. "Amekuombea dua mbele ya watu. Atakapojua kwamba ulimsikia akigonga?"

Nikavua beji yangu nikaiweka mezani. Nje gari la wagonjwa lilikuwa limefaulu kugeuka, na milango yake ya nyuma ilikuwa bado wazi.

"Hatajua kwa karatasi," nikasema. "Nakwenda kumwambia sasa hivi."

Nikashuka ngazi mbio, nikimpungia mkono dereva anisubiri.